Kufunga pampu ya oili na breki za Yamaha DT175 ya zamani: yaliyonipata hapa Malindi

Msabaki

Assalam alaikum, na hamjambo wote humu.

Niko Malindi, mtaa wa Shella. Pikipiki ninayoizungumzia ni Yamaha DT175, ile ya shokapu moja iliyojificha chini ya tangi. Ilikuwa ya marehemu baba, Mola amrehemu. Alikuwa mtu wa mifugo, akichanja ng'ombe Marafa, Garashi mpaka Baricho, na mvua ikishazishika barabara zile, pikipiki hii ndiyo iliyofika. Alipostaafu aliuziwa, akaipanda miaka michache, kisha ikalala bandani miaka 14, upepo wa bahari ukiila polepole.

Mwaka jana nikaamua kuifufua. Rangi na rimu nitaweka picha siku nyingine. Leo nataka tuzungumze vitu viwili tu, pampu ya oili na breki, kwa sababu hivi ukivifunga vibaya pikipiki inawaka vizuri, inakwenda vizuri, na hakuna kinachokwambia kuna kosa. Cha kwanza kimenila pistoni. Cha pili kilibakisha kidogo kunivunja mguu mbele ya mlango wangu.

Nianze na pampu. Kwa asiyezijua, hizi ni injini za tu-stroki. Hazina oili inayokaa chini ya kranki kama pikipiki za bodaboda za leo. Kranki, beringi zake, pistoni na ringi vyote vinalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, inafanya kazi yake mara moja, inaungua, inatoka kwenye ekzosi. Zamani ulichanganya mwenyewe tangini. Mwaka 1964 Yamaha wakaleta mfumo wao wa Autolube: oili ikapewa tangi lake, na pampu ndogo inayozungushwa na injini ikawa inaisukuma kidogo kidogo. Kebo ya aksileta inagawanyika mbili, moja inakwenda kwa kabureta na nyingine kwa pampu, kwa hiyo ukivuta mkono oili inaongezeka. Oili ya giyaboksi ni nyingine kabisa, haifiki kwa pistoni. Nimeshamwona mtu amejaza ya giyaboksi akaamini amemaliza.

Sasa kisa chenyewe. Fundi aliyenifungia injini mara ya kwanza (simtaji, ni mtu mzima mwenye heshima yake) alinipa shauri zuri: tangi la kwanza changanya oili kwenye petroli hata kama pampu ipo, mpaka uhakikishe hewa imetoka kwenye mirija. Nikachanganya, mililita 250 kwa lita 5. Nikazunguka mjini wiki tatu, Maweni, Barani, mpaka kwenye mnara wa Vasco da Gama. Injini tamu, moshi wa kiasi. Petroli ikaisha. Nikajaza tupu, maana pampu ipo, nikashika njia ya Gongoni.

Nikavuka daraja la Sabaki, nikapita Mambrui. Mbele kidogo ikaanza kuwa nzito kama inayoburuta kitu. Badala ya kusimama nikaongeza mafuta. Sauti ikawa kavu, bati kwa bati, na gurudumu la nyuma likafunga. Nikabana klachi, nikateleza mpaka kando ya barabara. Injini imenoki, pistoni imekwama ndani ya silinda.

Nilipotulia nikafungua kifuniko cha tangi la oili. Oili ilikuwa palepale kwenye alama niliyoijaza wiki tatu nyuma. Haikupungua hata tone. Wiki tatu zote injini iliishi kwa ule mchanganyiko wangu wa tangini, na mimi nikidhani ni pampu.

Nyumbani nikafungua kava la kulia. Pampu yenyewe nzima kabisa. Inaendeshwa na giya ya nailoni iliyovaa kishafti chembamba, na kinachoikamata giya kwenye shafti ni kipini, chembamba kama njiti ya kiberiti na kifupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juu yake hukaa klipu ya duara. Klipu ilikuwapo. Pini haikuwapo. Giya ikizunguka bure, shafti imesimama. Na ukitazama kwa nje kila kitu kinapendeza: kapi ya kebo (kigurudumu cha pampu kinachovutwa na kebo) inacheza, alama zimelingana, mrija umejaa oili.

Nimeshatengeneza, sasa inakwenda. Lakini nataka tuliandike hili mahali pa kuonekana, maana vijana wengi hapa pwani wanazifufua hizi.

Mwana_Amu

Waalaikum salaam. Pole sana ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee.

Mimi niko Mokowe, nina DT kama hiyo pia, ilikuwa ya mradi mmoja wa maji. Yangu haijanoki lakini umenitia hofu, maana sijawahi kutazama kama oili inashuka. Naomba utueleze taratibu ulivyohakikisha pampu inafanya kazi. La pili, sisi huku tunatumia oili ya mashine za boti, ndiyo inayopatikana kila duka la wavuvi na bei yake nzuri. Ni tu-stroki zote. Kuna ubaya?

Mkereza_Tanga

Salaam kutoka Tanga. Mimi kazi yangu kukereza vyuma, na silinda za DT na AG100 (Yamaha ya shambani, nayo tu-stroki) zinazoletwa kwangu zimekatika kwa sababu hiyo hiyo ni nyingi. Ushauri wangu kwa wateja ni mmoja: ng'oa pampu, ziba matundu, changanya mwenyewe tangini. Kitu kisichokuwapo hakiharibiki.

Msabaki

Kaka Mkereza, nakuheshimu kwa kazi yako, ila hapo tutatofautiana. Nimelifikiria sana, hasa nikiwa na hasira ya pistoni mkononi. Pampu hii haikuniangusha. Iliangushwa na pini ambayo mtu hakuirudisha. Na ukishaing'oa, umeihamishia kazi yake kwenye kumbukumbu ya mwanadamu: kila unapojaza, ukiwa Garashi jioni petroli inauzwa kwa chupa, lazima uwe na oili mfukoni na kipimo mkononi. Siku ukimwazima ndugu yako pikipiki akajaza tupu, imekwisha. Pampu inapima kwa mzunguko wa injini na kwa mkono, haichoki wala haisahau. Mimi nitabaki nayo, ila nitaikagua kwa macho yangu.

Mwana_Amu, nikujibu la oili kwanza kwa kuwa ni fupi. Tazama kopo. Za boti zimeandikwa TC-W3. Zimetengenezewa injini inayopozwa kwa maji ya bahari, ambayo joto lake halipandi sana. DT inapozwa na upepo tu, na hapa kwetu wakati wa kaskazi hata upepo wenyewe wa moto. Oili ya boti kwenye joto lile haistahimili vile, na ringi huanza kugandia kwenye mifereji yake. Tafuta kopo lililoandikwa JASO FC au FD, viwango vya Kijapani vya oili ya tu-stroki. Ni ghali zaidi, lakini si ghali kuliko kuchonga silinda. Usichanganye zote mbili tangini. Mwaga, osha tangi kwa petroli, anza upya. Yangu ilipooshwa ilitoa matope meusi ya kujaza kijiko, na kichujio kilichopo njia ya kutokea kilikuwa kimezibwa kama kwa gundi.

Sasa utaratibu.

Kabla hujafunga kava la injini, tia giya ya pampu, pini yake, klipu yake. Halafu ishike giya kwa vidole na ujaribu kuizungusha huku umeikamata shafti. Zikigombana ndiyo sawa. Itazame na meno ya giya: nailoni ikizeeka inakuwa ya manjano na meno yanapasuka ukiyabinya kwa ukucha. Badilisha. Kisha zungusha kranki kwa mkono utazame mwisho wa shafti upande wa pampu kama unasogea. Unakwenda polepole mno, mwanzo nilidhani haukwendi kabisa, hadi nikaweka doa la kalamu ya rangi.

Gasketi ya pampu weka mpya, na usipake siliko (gundi ya kuziba) nyingi. Uzi wa siliko ukikatika ukaingia kwenye tundu la oili, umejizibia mwenyewe.

Mrija unaotoka kwenye pampu kwenda injini ni mwembamba, na wembamba wake una maana. Fundi wangu alikuwa ameweka mrija wa dripu ya hospitali. Unaonekana vizuri, unapitisha mwanga, lakini kwa petroli na joto unakauka, unakuwa kama mfupa, mwisho unachomoka wenyewe. Nunua mrija unaostahimili petroli wenye upana wa ndani kama ule wa asili, na urudishe vile viklipu vya waya kila upande.

Kutoa hewa: jaza tangi la oili, fungua kile kiskrubu cha kutolea hewa kwenye pampu chenye washa yake, weka kitambaa chini. Oili itashuka na mapovu. Ngoja mpaka itoke bila povu hata moja, kisha funga. Hiyo ni nusu ya kazi. Hewa iliyo kwenye mrija wa kwenda injini haijatoka bado. Kwa hiyo ukiwa na petroli iliyochanganywa tangini, washa, acha injini isilensa, yaani izunguke polepole bila kuvutwa mkono, na kwa kidole vuta kapi ya pampu mpaka mwisho huku mkono wa aksileta umeuacha. Utaona povu linatembea mrijani kama mdudu, sentimita kwa sentimita, mpaka linamezwa. Moshi utakuwa mweupe mwingi, usiogope. Fanya nje, si ndani ya chumba.

Baada ya hapo ndipo kebo. Kabureta kwanza, pampu baadaye, kwa sababu ukigusa ya kabureta umeshaihamisha na ya pampu. Kapi ina alama, na kuna pini ndogo inayosimama mbele yake. Vuta mkono taratibu mpaka kebo imalize ulegevu, na hapo tazama alama na pini. Kitabu cha mwaka wa pikipiki yako ndicho kitakachokwambia zilingane mkono ukiwa wapi. Usichukue cha modeli nyingine. Na jueni hili: kebo ya pampu ikikatika, springi inairudisha kapi kwenye kiwango cha chini kabisa. Injini itaendelea kunguruma kwa mafuta mengi na oili kiduchu. Kwa hiyo kebo iliyoanza kutoa nywele usiiache hata wiki.

Mwisho, kile kipimo wengi hawakijui. Kuna nafasi ndogo kati ya kapi na kibati cha kurekebishia. Zungusha pampu mpaka nafasi iwe kubwa kuliko zote, mkono ukiwa umefungwa, upime kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa Yamaha nyingi za silinda moja za miaka hiyo ni milimita 0.20 mpaka 0.25. Yangu ilikuwa 0.15. Nikafungua nati, nikatoa kibati, nikaongeza washa nyembamba chini yake, ikawa 0.25. Huo ndio ujazo wa oili injini inaoupata ikiwa inasilensa au inashuka mlima mkono umefungwa.

Na baada ya yote hayo nilibandika kipande cha tepu kwenye tangi la oili, nikachora mstari. Sikuiacha petroli ya mchanganyiko mpaka nilipoona oili imeshuka chini ya tepu.

Binti_Majengo

Kaka Msabaki, shukrani. Mimi pia niko Malindi na napanda AG100 ya baba yangu mdogo kwenda shambani. Hukutueleza habari ya breki uliyoitaja mwanzo. Yangu ya mbele inalia kama mbuzi, na kushika yenyewe haishiki. Nilinunua brekishuu mpya, ikawa vilevile.

Msabaki

Dada yangu, nilichelewa kwa kuwa nikilikumbuka bado linanitisha.

Baada ya injini nilirudisha gurudumu la mbele mwenyewe, jioni, taa ya simu mdomoni. Lile bamba linalobeba brekishuu lina mfereji, na kwenye mguu wa foki kuna ulimi wa chuma. Ulimi lazima uingie kwenye mfereji. Ndio unaolizuia bamba lisizunguke na gurudumu. Mimi nikaliweka gurudumu, ekseli ikapita, nati ikakaza, nikaona limesimama sawa. Ulimi ulikuwa nje, umeegemea ukingo wa mfereji.

Asubuhi nikatoka langoni. Mchanga wa uchochoroni, mwendo wa mtu anayekimbia. Nikabana breki. Bamba likazunguka, likaivuta kebo ikajisokota kwenye foki, gurudumu likafunga ghafla na mimi nikawa juu ya usukani. Nimebaki na kovu la goti. Nilikaa pale mchangani nikawaza: kama ningekuwa kwenye lami ya kwenda Watamu, na matatu nyuma yangu?

Kwa hiyo sasa, kabla ya kukaza ekseli, natia kidole gumba pale kwenye ulimi. Nausikia umeingia ndani, kingo mbili za mfereji zimeukumbatia. Halafu nalishika bamba na kujaribu kulizungusha kwa nguvu zangu zote. Nyuma vilevile: kama yako ina ule upapi wa chuma unaoshikilia bamba, nati yake lazima iwe na koti pini mpya iliyokunjwa. Koti pini ya zamani uliyoinyoosha usiirudishe.

Kuhusu kutoshika, fungua utazame kemu, kile kijiti bapa kinachozisukuma shuu. Kwa chumvi ya hapa kinakwama kwenye tundu lake. Changu nilikitoa kwa kukigonga kwa mbao baada ya kukilowesha usiku kucha. Safisha mpaka king'ae, paka grisi ya joto kidogo sana, filamu tu, kwenye kemu na kwenye pini wanayoegemea shuu. Grisi ikizidi itayeyuka na kufika kwenye shuu, na shuu iliyoshiba grisi hata uichome kwa petroli haiponi. Tupa.

Ukirudisha mkono wa breki kwenye kemu, kuna nukta iliyogongwa kwenye kemu na nyingine kwenye mkono. Zilinganishe. Najua wengi hapa, shuu zikiisha, huuchomoa mkono na kuusogeza jino moja ili "breki irudi". Usifanye. Shuu zikishakonda kemu inalazimika kugeuka sana, na inaweza kupinduka ikasimama wima isirudi. Gurudumu limefungwa, na wewe uko juu. Yamaha wanasema utando wa shuu ukibaki milimita 2, badilisha.

Halafu fanya hivi wakati wa kukaza ekseli ya mbele: zungusha gurudumu, bana breki kwa nguvu, na huku umeibana ndipo ukaze nati. Shuu zinajitafutia katikati zenyewe. Mimi hilo peke yake lilinipunguzia nusu ya ulaini wa breki. Mwisho acha mchezo wa milimita 5 mpaka 8 pale lever inapoanzia, na kwa pedali ya nyuma milimita 20 mpaka 30.

Mkereza_Tanga

Hapa kwenye breki sina pa kukupinga, naongeza.

Dada Binti_Majengo, shuu mpya juu ya dramu ya zamani hazigusani kote. Dramu imelika, ina mfereji na ukingo. Shuu mpya ni duara lake mwenyewe. Inagusa nchani au katikati tu, ndiyo maana inalia na haishiki. Paka chaki kwenye shuu, funga, zungusha, bana mara chache, fungua. Palipofutika chaki ndipo panapogusa. Ikiwa ni nchani, piga tupa kidogo ile ncha inayotangulia, uilaze mteremko. Dramu ikiwa na mfereji unaoukwaruza kwa ukucha, ilete kwa mkereza aichonge sawa, ila usikubali ichongwe kupita kipimo cha juu. Kwa nyingi kimeandikwa ndani ya dramu yenyewe.

Jambo jingine naomba mlichukulie kwa uzito. Shuu za pikipiki za miaka ile nyingi zilikuwa na asbestosi. Lile vumbi la kijivu lililolala ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Limwagie maji yenye sabuni, lifute na kitambaa kilicholowa, kitambaa ukitie mfukoni mwa plastiki ukifunge. Mafundi tulioanza nao kazi walilipuliza kila siku, na vifua vyao mimi nimevisikia vikikohoa.

Na habari ya pampu, bwana Msabaki, nakubali kwamba iliyofungwa vizuri ni bora. Wasiwasi wangu ni hao wanaofunga.

Binti_Majengo

Nimepaka chaki. Imefutika nchani peke yake, kama ulivyosema mzee wangu, na bamba nalo nimelitia gumba, ulimi umo. Kemu ndiyo iliyokuwa imekwama, imetoka na kutu nyekundu. Nitaisafisha kesho.

Mwana_Amu

Nimefungua leo baada ya alasiri. Pini ipo, alhamdulillahi, giya haijapasuka. Lakini mrija wangu ni ule ule wa dripu. Niliugusa tu kwa kidole upande wa injini ukabaki mkononi, umekatika mle mle ndani ya klipu. Sijui ungefika wapi. Pikipiki nimeisimamisha.

Msabaki, mrija uliununua wapi, na upana wa ndani ni kiasi gani? Nina mtu anakuja na basi kutoka Malindi Jumamosi.

Msabaki

Bora imekukatikia bandani. Usininukuu kipimo cha wangu, kwa kuwa yako ni ya mwaka mwingine. Mpe mtu wako kipande cha mrija wa asili kama unacho, au bora zaidi umpimie kile kichomeo cha chuma kwenye pampu kinachovikwa mrija, kwa kalipa, mrija uwe mdogo kidogo kuliko hicho ili uingie kwa nguvu. Anitafute hapa kwa ujumbe akifika, nitampeleka duka la spea nililonunulia, tutachagua pamoja. Mwambie asisahau na viklipu vya waya vinne, viwili vya akiba.

Na ukishafunga, weka tepu kwenye tangi.